Maranda ya ngozi tunayoyazika ni nyuzi ambazo hakuna kiwanda kinachoweza kuzisokota

Mchunaji Mstaafu · #1

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha tangu mwaka jana. Juzi nimepita nyuma ya kiwanda kimoja cha kusindika ngozi (jina nalihifadhi, nimekula mshahara wao miaka sita), nikakuta shimo ni lilelile na rundo ni lilelile, la samawati. Waliofanya kazi za ngozi wanalijua. Ngozi ikitoka kwenye pipa la kromu (madini tunayoisindikia), ile tunayoiita weti bluu, inapitishwa kwenye mashine ya visu ili unene uwe sawa. Kinachodondoka chini ni maranda kama ya seremala, ila yamelowa na ni laini. Ukiyabana kiganjani yanatoa maji, ukiyaachia yanavimba tena. Yanajazwa kwenye magunia, yanazikwa. Siku ambazo bosi hayupo yanachomwa.

Hesabu tuliyofundishwa chuoni: tani moja ya ngozi mbichi ya chumvi inakupa kama kilo 200 za ngozi ya kutengenezea kiatu. Kinachobaki kinaondoka kama manyoya, mafuta, minofu, vipande vya kingo na hayo maranda. Kwenye hizo kingo na maranda ndiko kulikojaa kolajeni.

Kolajeni ni nini? Pika makongoro leo, acha sufuria hadi asubuhi. Ile supu iliyoganda ikawa inatikisika kama jeli ilikuwa kolajeni jana yake. Ni protini iliyomo kwenye ngozi, kano na mifupa, na peke yake inafika robo hadi theluthi ya protini yote ya mwili wa mnyama. Sasa angalieni ilivyojengwa, maana hoja yangu yote iko hapo. Minyororo mitatu imesokotwa pamoja kama kamba ya mkonge ya nyuzi tatu. Kamba hiyo ina urefu wa nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu, na nanomita ni sehemu ya milioni moja ya milimita. Kamba hizo zinalala ubavu kwa ubavu, kila moja imesogea kidogo kuliko jirani yake, kwa mpangilio unaojirudia kila nanomita 67 bila kukosea. Zinakuwa unyuzi. Nyuzi zinakuwa fungu, na mafungu yanapishana juu, chini, kulia, kushoto, hadi unapata kitu unachoweza kukivuta kwa ng'ombe wawili kisikatike lakini kinapitisha jasho.

Kila nikitaja maranda mtu ananiambia, "Si mchemshe mpate gundi?" Gundi ya ngozi ipo tangu enzi, na jelatini ya vidonge na peremende inatoka hukohuko. Lakini kuchemsha ni kuifumua ile kamba. Ni sawa na kufumua jamvi zima ili upate ukindu wa kufungia kuni. Protini umeipata, usokotaji umeumwaga, na usokotaji ndio hakuna mashine inayouweza kwa kipimo hicho.

Wapo waliouacha kama ulivyo. Pale Chuo Kikuu cha Sichuan, mjini Chengdu, China, kuna kundi la wanasayansi wa ngozi, Liao Xuepin na Shi Bi wakiwa miongoni mwao, ambalo limefanya kazi hii miaka mingi. Wanachukua ngozi iliyotolewa manyoya kwa chokaa, wanaiosha, wanaikausha, wanaisaga hadi ibaki nyuzi nyeupe kama pamba chafu. Halafu wanazibebesha vitu. Mwaka 2005 walizibebesha madini ya zirikoniamu, wakaonyesha kwamba zinanasa floraidi kwenye maji, ile inayoharibu meno. Wa Arusha na Kilimanjaro mmeshaamka hapo.

Mtu wa ngozi akisoma habari hiyo anacheka. Zirikoniamu tunaijua siku nyingi, ndiyo inayosindika zile ngozi nyeupe za viatu. Wale wenzetu walichofanya ni kuchukua kazi ya pipani na kuibadilishia mlango.

Nawasilisha. Maswali yaje, matusi kiasi.

Nyumbu Mchovu · #2

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Mama Saumu Mapishi · #3

Kwa hiyo ule unga wa kolajeni tunaouziwa mtandaoni kwa bei ya mbuzi, unaambiwa unywe ngozi ing'ae, ni makongoro?

Mchunaji Mstaafu · #4

Dada yangu, ni ndugu wa makongoro, tena ameshakatwakatwa vipande vidogo. Tumboni protini zote zinamenywa, haiendi moja kwa moja kujibandika shavuni. Endelea na supu, ina na ndimu.

Kemia ya Mtaani · #5

Mkuu umeandika vizuri ila umeruka shimo. Yale maranda ya samawati yana kromu. Ukiyapima makavu, oksaidi ya kromu ni kama asilimia 3 hadi 4. Leo unataka watu wachujie maji ya kunywa humo? Na hao wanaochoma usiku ndio hatari zaidi: kromu ya tatu ikikutana na moto na hewa, nyingine inageuka kromu ya sita, na hiyo inaleta saratani. Tuanzie hapo.

Mchunaji Mstaafu · #6

Umenishika pazuri na sibishi. Nifafanue, maana nilichanganya mafungu mawili.

Kazi ya maji haitumii maranda ya kromu. Inatumia taka za kabla ya kromu: vipande vya kingo vinavyokatwa ngozi ikitoka kwenye chokaa, na tabaka la chini ngozi inapopasuliwa katikati. Hizo ni nyeupe, hazijaonja kromu. Utumbo wa soseji unaotengenezwa viwandani unatokana na tabaka hilohilo la ng'ombe, kwa hiyo watu wanalila kila siku bila kujua.

Maranda ya kromu yatafutiwe njia nyingine. Taasisi ya ngozi ya India, ile ya Chennai, ilishirikiana na watu wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani wakachoma taka za kolajeni za viwanda vya ngozi bila hewa, wakapata kaboni ya chembe ndogo mno, matabaka juu ya matabaka kama kitunguu, ndani yake imebaki naitrojeni ya ile protini. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2012. Kaboni yenye naitrojeni inapitisha umeme vizuri, na shabaha yao ilikuwa betri. Kuchoma bila hewa na kuchoma kwa kiberiti nyuma ya ukuta ni mambo mawili.

Halafu kuna jambo nililofanya jikoni kwangu, mke wangu hadi leo ananuna. Nilichukua vipande vitatu vyenye upana wa kidole: ngozi mbichi ya kuwambia ngoma iliyolowekwa usiku kucha, soli iliyosindikwa kwa magome ya miwati, na weti bluu. Nikavitumbukiza kwenye sufuria, nikaweka kipimajoto, nikawasha jiko taratibu. Kwenye sentigredi 63 ile ya ngoma ilijikunja ghafla, kama kaa anayekunja miguu, ikabaki kama theluthi ya urefu wake na ikawa ya mpira. Soli ilivumilia hadi 82. Weti bluu maji yalichemka, nikahesabu dakika tatu, nikaitoa ni ileile. Hapo unaona kwa macho kamba ikifumuka, na unaona kusindika ni nini: ni kuifunga kamba isifumuke. Kromu inafunga, tanini (ile dawa iliyomo kwenye magome) inafunga, zirikoniamu nayo inafunga. Kwa hiyo hiyo nyuzi ya kuchujia maji imeshasindikwa na kitu kilekile kinachofanya kazi ya kunasa.

Mpemba wa Darajani · #7

Assalaam alaykum. Mimi suala langu ni tohara. Hizo ngozi za kuchujia maji, mnyama kafa vipi na ni mnyama gani?

Mchunaji Mstaafu · #8

Waalaykum salaam sheikh. Ninaozungumzia ni ng'ombe wa machinjioni. Hao tunaochuna sisi wanachinjwa kisheria, hapo naona hakuna mgogoro. Kwa ngozi ya mnyama aliyekufa mwenyewe, nyinyi watu wa madhehebu ya Shafi mnajua kuliko mimi kwamba kudibaghi, yaani kuisindika, kunaitoharisha, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Nguruwe ndiye wa kuulizia, maana ngozi yake nayo inatumika sana huko nje kwa jelatini. Mtu akikuletea bidhaa muulize chanzo.

Mpemba wa Darajani · #9

Barakallahu fik. Umejibu kama uliyekaa chuoni.

Fundi Kariokor · #10

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi nashona mishipi na mikoba, na nina malalamiko. Kuna ngozi tunauziwa kwa mafuta ya maneno, "ngozi asili asilimia mia", ukishona mteja anarudi baada ya miezi mitatu mkoba unambuka kama mtu aliyechomwa na jua. Ukipasua, ndani ni kama unga ulioshikamanishwa na gundi. Hiyo ndiyo teknolojia unayotuuzia?

Mchunaji Mstaafu · #11

Pole fundi. Hiyo ni ngozi iliyosagwa hadi nyuzi zikawa fupi mno, ikachanganywa na gundi, juu ikapakwa plastiki yenye chapa ya vinyweleo. Nyuzi ipo lakini imekatwakatwa, haishiki mwenzake. Inayoshika ni gundi, na gundi ikichoka ndiyo unaona mambuko.

Kuna njia nyingine. Kampuni moja ya Uingereza, ELeather ya Peterborough (siku hizi inaitwa Gen Phoenix), inachukua maranda na vipande, inazitenganisha nyuzi bila kuzisaga ziwe unga, halafu inazipiga kwa sindano za maji yenye msukumo mkubwa hadi zinajifunga zenyewe kwa zenyewe juu ya kitambaa. Viti vya ndege na vya mabasi vinavikwa hiyo. Kwa hiyo yote mawili ni "ngozi ya taka", ila moja imeiheshimu nyuzi.

Kwa kujua dukani: kata kingo, chomoa kwa kucha. Ikitoka nyuzi ndefu, nunua. Ikitoka vumbi, rudisha.

Mwati Njombe · #12

Mkuu umetaja miwati mara moja ukapita kama basi la usiku. Huku kwetu Njombe mashamba ya miwati yapo tangu 1949, ilipoanzishwa ile kampuni ya Tanganyika Wattle. Magome yanachemshwa, tanini inakaushwa, inauzwa nje. Sasa hiyo tanini na hizo nyuzi zako havikutani?

Mchunaji Mstaafu · #13

Vinakutana! Niliogopa kuurefusha uzi, lakini umeuliza.

Mtu akimimina chai kwenye maji ya kisima yenye kutu, chai inakuwa nyeusi kama wino. Hiyo ni tanini inakamata chuma. Tanini ina mikono miwili miwili iliyokaa karibu, inayobana madini kama koleo. Shida ni kwamba tanini yenyewe inayeyuka, ukiitia kwenye maji machafu inakamata madini halafu inaondoka nayo. Inahitaji kufungwa mahali. Na hakuna kitu duniani tanini inachokipenda kama kolajeni, ndiyo maana ukinywa chai ya rangi kali, au ukila ndizi mbichi, mdomo unakauka: inashikana na protini za mate yako. Kusindika ngozi kwa magome ni mapenzi hayohayo.

Wale wa Chengdu walichukua tanini ya mti mwingine wa kwao, wakaifunga kwenye nyuzi za kolajeni kwa kemikali iitwayo glutaraldehaidi isichomoke, wakaonyesha mwaka 2004 kwamba inanasa urani kutoka kwenye maji. Baadaye wakafanya kwa platini na paladi, na kwa zebaki. Zebaki, wakuu! Fikirini mialo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita, maji ya kuoshea yanavyokwenda mtoni.

Tena cha kushangaza, viwanda vya tanini vyenyewe vinazitumia nyuzi hizi tangu zamani bila mbwembwe. Kipimo rasmi cha kujua magome yana tanini kiasi gani ni kupitisha mchemsho wake kwenye unga wa ngozi. Unapima kabla, unapima baada, kilichopungua ndiyo tanini. Ule unga wa ngozi ndio nyuzi za kolajeni zilezile. Walikuwa nao maabara wakiutumia kama rula, hawakufikiri kwamba rula yenyewe ni mali.

Dada wa Eksirei · #14

Mimi nipo chumba cha eksirei hospitali ya wilaya. Aproni yetu ya risasi ni mzigo, jioni mabega yamekufa. Na ikikunjwa vibaya ndani inapasuka, huoni kwa nje. Nilisikia habari za ngozi inayozuia mionzi, ni kweli au ni hadithi?

Mchunaji Mstaafu · #15

Ni kweli, dada. Mwaka 2020 walewale wa Chengdu walichapisha kazi ya ngozi iliyobebeshwa bismathi na siriamu. Mionzi inazuiwa na madini yenye atomi nzito, na risasi imetumika kwa sababu ni nzito na ni rahisi. Shida ya kutumia unga wa madini mengine ni kwamba ukiutia kwenye mpira unajikusanya mabonge, na penye pengo mionzi inapita. Ndani ya ngozi kila chembe inakaa kwenye kijumba chake kati ya nyuzi, kwa hiyo inatawanyika sawasawa, na ngozi yenyewe inakunjika na kupitisha hewa. Ila usiitupe aproni yako. Hiyo ni ya maabara, siyo ya duka. Na hiyo mliyonayo isikunjwe, itundikeni.

Mwanafunzi Mwanza · #16

Nasoma teknolojia ya ngozi hapa Mwanza. Nyumbani nikisema ninachosoma wananiuliza "utakuwa fundi viatu?" Binamu zangu wanasoma kompyuta. Leo nimeutuma uzi huu kwenye kundi la ukoo.

Mchunaji Mstaafu · #17

Watumie na hili mdogo wangu. Umbo la ile kamba ya nyuzi tatu lilipendekezwa mwaka 1954 na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha, pale Madras. Walihitaji kolajeni safi ya kupiga eksirei. Waliipata wapi? Kwa majirani zao, taasisi ya utafiti wa ngozi ya mji huohuo, iliyowapa kano za mkia wa kangaruu. Moja ya siri kubwa za mwili wa binadamu ilifumbuliwa kwa mali iliyotoka kabatini kwa watu wa ngozi. Binamu zako wa kompyuta waambie wapige makofi.

Hoja Kavu · #18

Hadithi tamu. Mimi swali langu ni moja. Floraidi 2005, urani 2004. Hiyo ni miaka ishirini. Kiwanda kiko wapi? Chujio liko wapi nikanunue? Hizi tafiti zinaishia kwenye karatasi, na sisi huku tunazishangilia kama timu.

Mchunaji Mstaafu · #19

Hilo ndilo swali la kiume na sina jibu la kukufurahisha. Nionavyo mimi, aliyekaa pipani na siyo profesa:

Zirikoniamu inanunuliwa nje kwa dola, na hapo unashindana na vichujio vya bei nafuu ambavyo watu wanavijua. Kolajeni ni nyama, mkuu. Ikiwa haikufungwa vizuri na ikakaa kwenye maji ya uvuguvugu, vijidudu wanaila na inanuka. Na ng'ombe hawafanani: huyu kachomwa chapa, yule kaliwa na kupe, wa tatu mchunaji kamkata kwa kisu kila mahali, kwa hiyo gunia la leo na la kesho halitoi nyuzi zilezile. Mhandisi wa maji hapendi kitu kama hicho.

Lakini huwezi kuniambia haifai kwa sababu haijauzwa. Ngozi zetu zenyewe hazijauzwa. Nimeona machinjio ambayo ngozi zinafukiwa zikiwa nzima kwa sababu chumvi ya kuzihifadhi ni ghali kuliko bei ya mnunuzi. Kwa hali hiyo malighafi ya nyuzi ni bure, kilichobaki ni akili na umeme.

Mwalimu Maji ya Chai · #20

Nimesoma kimya, sasa niingie. Nafundisha shule ya msingi huku Arumeru. Nikisema "cheka tupige picha" watoto wa darasa la sita wanafunga midomo. Meno ni ya kahawia. Kuna wachache miguu imepinda. Wataalamu wa maji walikuja na kichupa cha dawa nyekundu, wakatia maji yetu, rangi ikapauka, wakatikisa vichwa wakaondoka. Mchunaji, nataka jibu la leo siyo la Chengdu. Niwape nini wanafunzi wangu?

Mchunaji Mstaafu · #21

Mwalimu, shikamoo.

Ile dawa nyekundu ni zirikoniamu iliyoshikana na rangi. Floraidi ikiingia inaipokonya rangi zirikoniamu yake, ndiyo maana ilipauka. Kadiri inavyopauka ndivyo floraidi ilivyo nyingi. Yaani nyuzi za Chengdu ni kile kichupa kilichofungwa kwenye ngozi. Nimeona nikwambie kwa sababu umeiona kwa macho.

Jibu la leo. Maji ya kunywa na kupikia yatenge na ya kufulia, maana ya kufulia na kuoga hayana shida hiyo. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhofia, kwa hiyo mabati ya shule, mfereji na tangi ndiyo dawa ya kwanza. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za chini ya Meru zinapita hapo mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floraidi inabaki palepale, tena inakolea. Kisha kuna mkaa wa mifupa. Kituo cha Ngurdoto cha kuondoa floraidi kipo karibu nawe, ndiyo kazi yao, nenda na kidumu wakupimie. Mifupa inachomwa kwa hewa kidogo hadi iwe myeusi. Akikuletea mtu mkaa mweupe ujue umeungua kupita kiasi, hautanasa vizuri.

Kwenye mfupa unachoma kolajeni unabakiza madini. Mimi nataka kubakiza kolajeni. Lakini kwa mtoto wa darasa la sita, leo, nakwambia mfupa. Na wadogo zaidi ndio wa kuanza nao, kwa sababu jino likishatoka limeshaharibika ndani ya fizi.

Mwalimu Maji ya Chai · #22

Marahaba. Mabati tunayo, mfereji hatuna. Kikao cha wazazi ni Jumatano, nitalibeba hilo la mfereji.

Mwati Njombe · #23

Mchunaji, nina gunia la magome makavu, nimeyavunja vipande vya kidole. Linapanda basi Ijumaa, litafika Arusha Jumamosi usiku. Nauli ya mzigo utalipa wewe. Kingo za ngozi nyeupe unazo?

Mchunaji Mstaafu · #24

Ninazo ndoo mbili, zimekaa kwenye maji ya chokaa. Niandikie namba za basi inbox. Na usilifunge gunia kwa plastiki, litaota ukungu njiani.

Nyumbu Mchovu · #25

Karanga zimeisha. Mke wake anajua kuhusu hizo ndoo?